Pikapu ya Bodi Ndefu

Jumanne, Kitale

Na bado nimeichagua ile nyeupe.

Ile ya bluu ilikuwa na injini safi na viti vya nyuma, laini, vya kumfaa Mama na mgongo wake. Ya kijivu haili mafuta sana. Nyeupe ina kutu mlangoni na klachi nzito, lakini bodi yake ya kubebea mizigo ni ndefu. Broka wa magari aliponiuliza nitabeba nini, nikamwambia mahindi. Mke wangu pia nimemwambia mahindi.

Uongo. Nilikuwa napima kwa macho kama jeneza litatoshea. Tulipomleta Baba kuzikwa Kibabii, lake lilitokeza nje ya gari la kukodi, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, na watu wa nyumbani hawajaacha kusema.

Lakini Mama yuko hai! Mungu anisamehe. Jioni amenipigia simu akicheka.

"Ati umenunua gari? Si sasa utanipeleka kliniki Bungoma! Nitakaa wapi, kijana yangu?"

"Mbele, Mama. Kando yangu."

"Basi wacha nitafute kitambaa kizuri cha kichwa," akasema.