Adabu ya Mfalme wa Magharibi

Ihumwa, Dodoma
Jumapili

Kwako Mbaruku, mtani wangu,

Nakusalimu wewe, binti yako Salha na wote walio chini ya paa hilo huko Tabora. Nauliza hali yako kwa sababu adabu inanitaka niulize, si kwa sababu hasira yangu imepoa. Mimi ni mzima. Goti linaniuma asubuhi, kisha linasahau. Uwele umetoka vizuri mwaka huu. Mwanangu Bupe, yule wa wizarani, anakusalimu, ingawa nimemwambia kwamba hustahili.

Ninaandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Kila nikipiga, Salha ananiambia kwamba umelala. Asubuhi umelala, adhuhuri umelala, alasiri umelala. Hata mtoto mchanga huamka kunyonya.

Sasa nisikilize. Ulipohamia kwa binti yako tulikubaliana kwamba tutakutana kila jioni katika ule mchezo wa falme kwenye kompyuta, wewe ukiwa mfalme wa magharibi na mimi mfalme wa nyanda za kati, na falme nyingine zote ziendeshwe na kompyuta yenyewe. Hukuwahi kunitumia mjumbe asiye na matusi. Ulipotaka chuma, uliandika kwamba Mgogo asiye na mvua hana shamba, basi jembe la nini, akupe chuma chote. Nami nilipoizingira ngome yako, nilikuandikia kwamba nimewafuata wapagazi wangu wa Kinyamwezi, maana mzigo umechelewa. Hivyo ndivyo watani wanavyopigana, na hivyo ndivyo nilivyojua kila jioni kwamba u mzima.

Ni wewe uliyenifundisha kuzitambua falme za kompyuta. Ulisema mfalme wa kompyuta hana aibu wala kumbukumbu. Anakuletea zawadi ya ngano siku ileile ambayo majeshi yake yanajikusanya mpakani mwako. Anaomba amani akiwa na nguvu na anatangaza vita akiwa hoi. Ukimfukuza kwenye kivuko, anarudi kwa kivuko kilekile, kama mbuzi aliyeonja mboga. Ulinionya nisisome maneno ya mjumbe wake, bali nitazame miguu ya askari wake. Nilikutii, na kwa maarifa hayo tulimshinda yule wa kaskazini.

Basi baada ya Idi mjumbe wako alifika kwangu akasema kwamba mfalme wa magharibi anauthamini urafiki wetu wa muda mrefu. Nilicheka peke yangu. Nilidhani ni mtego, nikakujibu kwa tusi zito. Hukulijibu. Kesho yake ukanipa ngano. Nilitazama mpakani, nikawaona wapanda farasi wako wanavuka daraja, wanarudi, wanavuka tena, bila shabaha yoyote. Mbaruku ninayemjua hampotezi hata punda mmoja. Nikaivamia ngome yako ndogo ili nikuchokoze. Mjumbe wako akaja kuniambia kwamba kitendo hicho kimemsikitisha mfalme wake. Kimemsikitisha. Wewe, uliyenizomea mbele ya kasisi siku ya harusi yangu.

Nilimwita Bupe atazame. Akanionyesha alama ndogo ya gurudumu lenye meno kando ya jina lako, akaniambia kwamba mwenye ufalme ameondoka na kuiachia kompyuta icheze kwa niaba yake. Akaongeza, kwa upole wa watu wa ofisini, kwamba huenda mzee Mbaruku ameuchoka mchezo.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Mtu aliyechoka husema amechoka. Hamwekei mwenzake chombo cha kumsifu jioni kwa jioni na kumpa ngano kama mjinga. Nilimwambia Bupe kwamba ukifa sitakanyaga msibani kwako. Anajua uzito wa neno hilo kinywani mwa mtani. Nani ataingia kaburini mwako na kukataa kutoka mpaka wanao wamlipe? Nani atawaambia waombolezaji jinsi ulivyokuwa mchoyo wa nyama?

Jana nilimpigia Salha akiwa kazini, mbali na wewe. Alianza kuniambia habari za usingizi. Nimekuwa mkaguzi wa shule, namjua mtu anayekwepa swali, nikamwambia hivyo. Alilia kwanza, kisha akasema. Presha ya macho imelimaliza jicho la kushoto, na la kulia linaona mwanga wa dirisha tu. Alisema uliendelea kucheza kwa kukikaribia kioo mpaka pua ikakigusa, halafu ukamwagiza aiachie kompyuta ufalme wako, ukamwapisha asiniambie.

Kwa hiyo najua kwamba barua hii huisomi wewe. Salha, mwanangu, soma yote, wala usiruke matusi.

Mbaruku, nimekukasirikia kuliko nilipodhani umenichoka. Ndugu zako wana haki ya kukuonea huruma. Mimi haki yangu ni kukucheka, nawe umeninyima. Uliogopa kwamba nikijua nitakuwa mpole. Uliogopa nitaanza kusema nawe kama yule mjumbe.

Nami nina jambo la kukiri. Tangu nilipoiona ile alama ningeweza kuufuta ufalme wako jioni moja, maana kompyuta inapigana ovyo. Sikufanya hivyo. Nimekuwa nikiwaondoa askari wangu mijini na kuiacha mashine iingie bila vita, mji baada ya mji, kwa sababu ufalme wako ukifa mchezo unafungwa, na sikuwa na mahali pengine pa kukungojea. Nimebakiwa na mji mmoja.

Ijumaa napanda basi kuja Tabora. Neno nililolisema kuhusu msiba wako nimelifuta. Nitakaa kando yako na kukutajia kila askari alipo, wako na wangu, bila kukuficha hata mmoja, ingawa wewe ungenificha. Utatoa amri kwa mdomo, nami nitazitekeleza kwa mkono wangu, hata ukiamuru niteketezwe.

Wasalimu majirani. Salha asihangaike na ugali, unga wa uwele nakuja nao, kwa kuwa wa kwenu hauliki. Na nikifika mlangoni, usithubutu kunikaribisha vizuri.

Ni mimi mtani wako, ambaye bado nimekasirika,

Damas Chidawali