Furushi Lililorudi kutoka Odense

Hvannasund, 9 Novemba

Mwanangu Durita,

Nyama kavu ya nyangumi niliyokutumia imerudi, na hata kamba hukuifungua. Huku mvua siku ya kumi na moja, kondoo wako wazima, na karakana yangu ya sweta imepata wafumaji wawili zaidi. Hanus jirani aliniona posta na furushi akacheka: "Billa we, kumbe binti yako kawa Mdenishi huko Odense!" Nikamjibu, "Binti yangu ana mimba ya miezi minne. Wewe huna hata meno ya kutafunia, nyamaza."

Lakini nina hasira. Visiwa hivi havimwagi zebaki baharini, sumu hiyo wanayosema imo kwenye nyama yetu. Wanaimwaga watu wa mbali, samaki wanaimeza, nyangumi anawala samaki hao miaka arobaini, halafu anayeambiwa afunge mdomo ni mimi. Daktari mkuu wa huku angesema gramu mia kwa mwezi, ningepima. Kasema mjamzito asionje kabisa.

Kwenye simu uliniuliza kama nilikula nikiwa na mimba yako, nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Nilikula mara tatu kwa wiki, nikijua nakujenga. Ulipozaliwa hospitali walipima zebaki kwenye damu yangu na ya kitovu chako, na majibu nimeyaficha kabatini miaka thelathini na moja. Karatasi hiyo nimeitia humu, mpe mkunga wako. Namba ya juu ni yangu, ya chini ni yako. Yako ndiyo kubwa.

Mimi niliyekulisha,
Mama yako