Mashine Zilizokuwa Zinangojana

Uriri,
Jumamosi, 12 Septemba 1998

Kwa dada yangu mkubwa Robi,

Nakusalimia wewe na shemeji na kila mtu hapo Kehancha mpaka ng'ombe. Mguu wako namna gani? Ile dawa ya Monicah ilisaidia ama ni harufu tu? Sisi huku ni wazima, mimi na binti yako Susana. Kaa chini kabisa, maana barua ni ndefu na mwandiko wangu unaujua.

Najua umesikia ati Susana amefukuzwa kazi hapa kwa ofisi ya kununua tumbaku. Hajafukuzwa. Wacha nikueleze, maana mimi na birika yangu ya chai tulikuwa hapo, hao wengine wanasimuliwa tu.

Hapa tuko na mizani tatu, kila moja na kompyuta yake, na zote zimeunganishwa na waya. Mkulima akileta mzigo, karani anaufungua kwa kompyuta, inampatia namba, wanapima, anabonyeza ya kumaliza, mzigo unaingia stoo. Susana ako mizani ya pili. Ya kwanza ni Dorine, yule wa Homa Bay mwenye kicheko kubwa, nilikwambia habari yake na mwalimu.

Sasa tangu Susana aingie, wiki ile ile ya kompyuta kuletwa, kila siku saa nne mashine zinakwama. Zote. Watu wamejaa nje, mvua inakuja, na tumbaku ikinyeshewa hakuna wa kuinunua, mkulima anarudi nayo nyumbani. Na kila mara ni ya Susana inakwama ya kwanza. Halafu Dorine akirudi kwa kiti chake, akigusa tu, zote zinaamka. Watu wakasema Dorine ana mkono mzuri, Susana ana mkono mbaya. Mzee mmoja alikataa kabisa kupimiwa na yeye. Meneja wetu, Bwana Kerosi, akamwambia ikifika Ijumaa arudishe koti ya kazi.

Jumatatu wakaleta fundi kutoka Kisumu, anaitwa Ahmednur, mtu mpole, hata akikataa chai anakuomba msamaha. Akabadilisha waya yote. Saa nne ikafika, zikakwama. Jumanne akakaa tu akiangalia, halafu akaniambia, mimi nikipangusa hapo, ati mashine si mgonjwa, zinangojana. Namba za mizigo zinatoka kwa karatasi moja huko ndani, na karani akiishika, wengine wanafungiwa mpaka yeye abonyeze ya kumaliza, ndiyo mizigo miwili isipate namba moja. Nikamwambia basi ni kama choo yetu, iko na ufunguo moja. Mtu akichukua ufunguo na asiende chooni, akae mahali anaongea, foleni yote inateseka, na yule wa mbele ndiye anaonekana ana shida. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema huko alikosomea hakuna mtu alimweleza vizuri hivyo. Hiyo usisahau kuambia watu.

Akasema basi Susana si mkosaji. Ana haraka ya kazi, kwa hivyo ndiye wa kwanza kungoja. Tutafute mwenye ufunguo. Lakini kompyuta haikuwa inaandika jina ya mtu, ndiyo akaniuliza mimi, maana ameambiwa hapa hakuna kitu inanipita, nani huacha kiti saa nne. Nikamtajia yule wa mizani ya tatu, huenda kuvuta sigara nyuma ya stoo. Akamfuata Jumatano yote, akakuta huyo hubonyeza kwanza ndiyo atoke.

Alhamisi mvua ikaanza, foleni imefika barabara, Kerosi amesimama juu ya Susana kama askari. Nikaweka birika chini.

Nikasema, "Ni Dorine. Anafungua mzigo halafu anakuja kwangu jikoni. Na ni mimi namwita."

Dorine akaapa adier, adier, kweli tupu, yeye hakujua ni makosa. Mkulima wake akiwa bado anafungua kamba, yeye anamshikia namba mapema asipitwe, halafu anatoka, vile mtu huacha mtungi kwa foleni ya maji aende zake. Nani hapa hajafanya hivyo? Ahmednur akamwambia afungue mzigo aende jikoni akunywe chai. Susana akajaribu wake: imekwama. Dorine akarudi akabonyeza: imeamka. Wakarudia mara ya pili Kerosi akiona na macho yake. Jana Ahmednur akapanga vingine, sasa namba inatoka mwisho kabisa, karani akibonyeza ya kumaliza. Chai napeleka mwenyewe kwa mizani. Susana amebaki na kazi, na yule mzee amerudi kwa foleni yake, anajifanya hakusema kitu.

Watu wananisifu. Bwana Kerosi mwenyewe alisema mimi nina akili kuliko cheti. Lakini dada, iko kitu hawajui. Wanafikiri nilitambua Alhamisi. Mimi nilijua Jumanne, hata kabla Ahmednur arudishe miwani kwa uso. Kerosi alikuwa amenionya juu ya porojo za jikoni, ati mara moja tena niende nyumbani. Nikaogopa. Nikamtuma fundi kwa mvuta sigara nikijua si yeye. Jumatano Susana akafua ile koti airudishe ikiwa safi, akaniomba nimsaidie kuikamua. Yeye ameshika upande moja, mimi upande moja, tunakamua, ananiambia pole mama mdogo, nimekuaibisha. Na mimi nikaendelea kukamua.

Leo asubuhi nimemwambia. Alimaliza uji, akaosha kikombe yake na yangu, akatoka. Sijui hiyo ni kusamehe ama ni adabu tu uliyomfundisha. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo, nitakupikia. Mimi nimepeleka habari za watu miaka mingi, na hii ndiyo ya kwanza sikuongeza kitu.

Msalimie shemeji, na Priscilla wa jirani, lakini yeye msomee mpaka pale pa choo tu.

Ni mimi mdogo wako,
Nyasuguta