Ndoa za Papa Byamungu

Kasenga, Uvira

Mama yangu,

Magoti iko namna gani? Na kile kikohozi cha asubuhi, kilimuacha Papa ao bado? Minye huku niko muzima, ninakula, ninalala, hata mashavu imeongezeka, usiogope. Ile vocal, sauti yangu nilikutumia kwa telefone ya shangazi, ilikatika katikati, njo maana naandika, nimupatie mwalimu mwenye anapanda huko kwenu Lemera. Karatasi haikosi reseau ya telefone.

Mama, nilipata kazi! Haiko ya biro ya serikali, lakini ngoja nikuelezee.

Kuna muzee mumoja huku, Muzee Shabani, Muislamu wa zile familia za wachuuzi ba zamani ba pembeni ya ziwa. Yeye njo alikuwaka muntu wa kamera wa Uvira yote, mbele telefone hazijaanza kupiga picha. Ndoa, batizo, mazishi, mupira, yote ni yeye. Muislamu, lakini nyimbo za kanisa zote anazijua, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, juu alizisikia akiwa amesimama na kamera kwa bega. Maji ya ziwa ilipopanda ikaingia kwake, hakutoa kitanda, hakutoa kabati. Alitoa kaseti. Akazipandisha mu chumba kimoja cha kupanga hapa Kasenga, karibu na kwetu. Mi nilipita paka tu kuomba chaji ya telefone, nikaona kaseti toka chini mupaka kwa mabati. Nikamuambia niko naweza kuzipanga mu ordinatere, kompyuta.

Akaniuliza: "Binti, nani alikufundisha?"

"Hakuna, Muzee. Nilijifunza peke yangu."

"Basi hakuna mtu wa kulaumu. Anza."

Shida iko hii. Mashini ya kusoma zile kaseti ni moja tu, na kichwa chake kimechoka. Kila kaseti inapita inamaliza nguvu yake kidogo. Ikikufa, ingine hatutapata. Kwa hiyo lazima tuchague zenye tutapitisha kwanza, tuziweke mu ordinatere zikae salama, na kuchagua ni kwa jina lenye iko juu ya kaseti, njo maana nilianza na kuandika majina yote mu ordinatere. Sasa Muzee aliandikaka vile moyo unamutuma! Ingine herufi kubwa zote. Ingine ndani ya guillemets, zile alama za kufungua na kufunga maneno. Kama sherehe ilikuwa tamu anatia point d'exclamation tatu, alama za mushangao, kama chakula ilichelewa anatia point moja kavu, basi. Na ordinatere haina huruma. Ndoa yenye iko na guillemets inaipeleka kule, ndoa yenye haina inaiacha huku, sawa ndugu benye baligombana. Nikaweka sheria: kwanza jambo, halafu deux-points, zile nukta mbili, halafu jina, virgule ao koma, na fasi, mahali ilifanyika. Zote sawa. Hakuna guillemets, hakuna kupiga kelele.

Muzee akalia: "Umenizimia ngoma zote!"

Lakini nilipomaliza, Mama, ilikuwa muzuri sana. Ilijipanga sawa mistari ya maharagi yako. Nilikuwa naifungua hata bila kazi, nione tu.

Njo pale nikaona kitu: "Ndoa: Byamungu, Lubarika." Na chini yake tena "Ndoa: Byamungu, Lubarika." Mara tano! Nikacheka peke yangu. Muntu mumoja ataoa mara tano fasi moja? Nikasema hizi ni doublons, kaseti moja ilirudiwa mara ingine. Nikabakisha moja, zile nne nikatia mu mufuko. Muzee alikuwa musikitini, sikumungojea. Akapita Papa Kashindi, mulimaji wa mupunga wa Lubarika. Yeye anachukuaka kaseti zenye hazina kazi, anatoa utepe, anaufunga juu ya shamba. Ukipigwa na jua unawaka, upepo unaufanya ulie, ndege banakimbia. Nikamupatia mufuko. Akanishukuru sana.

Kesho yake akaingia mama mumoja muuzaji wa samaki ndagala, Mama Riziki, na mutoto wake Riziki, kijana mukubwa, wa moto, ile pikipiki ya kubeba bantu. Alisimama kwa mulango akauliza kwa sauti: "Ni hapa banafufua bantu?"

Muzee akajibu: "Sura na sauti tu, mama. Roho si kazi yetu. Karibu."

Akaketi, akaeleza. Bwana yake Deo alikufa Riziki akiwa bado wa mugongoni. Mapicha yote ilipotea wakati ba nyumba balikimbia. "Huyu unaona hapa," akaonyesha kijana, "hajaona baba yake hata siku moja. Anajiangalia kwa kioo, anauliza pua ni ya nani. Mu ndoa yetu kulikuwa kamera. Nitafutieni."

Nikatafuta Deo. Hakuna. Nikatafuta Deogratias. Hakuna. Nikamuuliza jina lake la usichana, akasema Vumilia. Hakuna Vumilia. Minye na sheria zangu, hakuna kitu!

"Kamwana," akaniambia, "ordinatere yako haituzoei. Iambie sisi ni batu ba soko."

Muzee akauliza: "Parrain wenu alikuwa nani?"

"Si Papa Byamungu wa Lubarika! Yeye njo alisimamiaka ndoa za kila muntu."

"Byamungu!" Muzee akapiga mikono. "Basi ipo. Tena nakumbuka, ipo!"

Mama, njo pale nikaelewa. Muzee alikuwa anaandika jina la mwenye aliita kamera. Na mwenye anaita kamera ni parrain, yeye njo analipa, yeye njo anakuja kuchukua. Bwana-arusi siku ile hata koti ni ya kuazima, atalipa kamera na nini? Kwa hiyo hazikuwa ndoa tano za Byamungu. Zilikuwa ndoa tano za bantu baliosimamiwa naye.

"Muzee," nikasema, "nne nilimupatia Papa Kashindi. Kwa ndege."

Tukaweka mu mashini ile moja nilibakisha. Bibi-arusi mwingine kabisa. Riziki akasimama, akawasha moto yake, akaniambia neno moja: "Panda."

Mama, sitakuambia tulienda namna gani, juu utaogopa. Tulimukuta Papa Kashindi shambani, anafurahi. Kaseti moja alikuwa ameshaikata. Utepe ulikuwa juu ya mupunga toka pembe hii mupaka ile, unawaka, unalia. "Angalia!" anasema. "Ndege hata mumoja hakuna!" Riziki akaenda kusimama chini yake, anauangalia juu. Akaniuliza pole pole: "Na kama njo hii?" Tukachukua zile tatu, tukarudi.

Ya kwanza, si yao. Ya pili ikaanza na mvua-mvua ile ya kaseti, halafu picha ikakaa. Mama, ungeona vile yule muzee alikuwa anapiga picha! Bantu ba kamera ba leo banapiga paka tu bibi-arusi na keki. Yeye alizunguka nyuma, akapiga bamama banageuza bugali, mutoto amelala chini ya banc ya kukalia, mikono ya mupiga ngoma, kiatu kimoja cha marraine, mama musimamizi, kimevuliwa juu kinaumiza. Nilikuwa nasahau kama tunatafuta muntu. Halafu akatokea kijana mwembamba, koti refu mupaka kwa vidole, anacheza. Anacheza mubaya sana.

Mama Riziki akaruka: "Njo yeye! Njo ule muongo! Aliniambia anajua kucheza!"

Riziki alisogea kidogo kidogo mupaka uso wake ukawa karibu kugusa kioo cha ekra. Ngambo ile baba yake anacheka, huku yeye.

"Pua ni yangu," akasema.

"Na miguu pia," mama yake akajibu, "hata weye haujui kucheza." Halafu akajifunika uso na kitenge, tukamuacha.

Ikaingia mu ordinatere yote, mashini haikutufanyia vibaya. Kisha Muzee akaangalia zile zilibaki, akakumbuka ndoa zote tano, akajua ile yenye ilikatwa kwa mupunga ilikuwa ya nani: mwalimu mumoja, si huyu wa barua, na mukewe, banaishi hapa Kasenga. Nikasema nitaenda kubaambia, kosa ni yangu. Akavaa kofia yake.

"Jina langu ndilo linalojulikana kwa kamera," akasema. "Nitakwenda mimi."

Alikawia kurudi. Kumbe balimuketisha, balimupatia chai, na yeye akabasimulia ndoa yao yote, toka mulango wa kanisa mupaka vyombo vya mwisho, vile aliiona na lile jicho lake. Bale balicheka. Mukewe alisema vingine hakuvijuaka, juu siku ile aliinamisha kichwa, sawa desturi ya bibi-arusi. Banataka arudi siku batoto bako nyumbani. Mama, mi nataka kuwa muntu wa namna ile.

Usalimie Papa. Usalimie dada mukubwa mwenye anafundisha na bwana yake, na shangazi muuza mihogo, umuambie telefone yake aichaji. Na ule mujomba wa hospitali, mulinzi, umusalimie sana.

Sasa sikia. Uliniambiaka siku ya ndoa yenu muntu wa kamera alipanda huko kwa miguu, betri kwa kichwa cha mubebaji, na kaseti hamukuiona. Nilimuuliza Muzee. Anasema alipandaka Lemera, anakumbuka baridi, sura hapana. Mu majina yangu hamuko, nilitafuta Papa, nikakutafuta weye. Parrain wenu alikuwa nani? Uandike jina lake lote, umurudishie mwalimu karatasi akishuka. Papa anaapa hakuvaa kravati kwa shingo, weye unasema alivaa nyekundu ya kuazima. Mashini iko bado na nguvu kidogo. Fanya mbio, Mama.

Mutoto wako,
Furaha