Sauti Mbili kwa Simu Moja

Nyumba ileile, ghorofa ya pili,
juu ya duka la fundi saa.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kipipa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaikunja barua hii na kuitupa, hebu kaa kwanza. Hujambo? Kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimepona? Na kazi ya lifti inakwendaje, mikono imetulia? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo kila siku linanikumbusha kwamba jengo letu lina ngazi hamsini na mbili, na fundi lifti wetu yuko mbali. Bibi naye hajambo. Nitakueleza hali yake kwa kirefu, maana najua neno langu juu ya afya ya Bibi halina uzito tena kwako.

Nimeandika kwa mkono makusudi, na msafiri anayekuja huko kesho atakuletea. Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti ndio usiseme. Nimeona karatasi ndiyo njia pekee ambayo siwezi kumwigiza mtu. Mwandiko huu mbovu unaujua, ni wangu na hauna mwingine wa kuudai.

Nina ombi moja, nalo nalitaja mapema usije ukasema nimekuzungusha: Jumamosi ijayo Bibi atakupigia. Ipokee. Sikuombi unisamehe mimi. Nakuomba umsikilize Bibi.

Sasa nikupe habari za kazini, kwa sababu ndiko yalikonifikia haya. Bado naingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni. Mwaka huu tumepewa ya Kijapani, ya vijana wawili wanaowinda mapepo. Mmoja anapigana kwa mkuki, kwa hiyo studio nzima tunamwita Mkuki. Mwenzake, ambaye ndiye ninayemsemea, ana uwezo wa kuchukua sauti ya mtu yeyote, awe hai au amekufa. Huyo tunamwita Mwangwi. Usicheke. Waliponipa nafasi hiyo walisema imenikaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyangu, na wala hawajui lolote la nyumbani kwetu.

Anayemsemea Mkuki ni Mama Pacha, mwanamke wa miaka arobaini na mitano. Ukimsikia kwenye hedifoni utaapa ni kijana wa miaka kumi na sita aliyekosa chakula cha mchana. Mwongozaji wetu tumembatiza Rudia, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni.

Wiki iliyopita tulifika sehemu ya kumi na tisa. Nikusimulie kwa ufupi. Mwalimu aliyewalea wale vijana amemezwa na pepo linalokaa nyuma ya lango la chuma. Mkuki anataka kuingia kumtoa. Mwangwi anajua rafiki yake akiingia hatatoka. Basi anajificha nyuma ya lango, anachukua sauti ya mwalimu na kusema, "Niko salama mwanangu, usije." Mkuki anatii. Anakaa nje ya lango siku tatu anaongea na mwalimu wake, anamweleza hofu zake zote, hata zile ambazo hajawahi kumwambia Mwangwi. Mwangwi anazisikia zote, na anazijibu.

Siku ya nne Mkuki anagundua. Wanapigana juu ya paa, mvua inanyesha. Mapepo yote tuliyopigana nayo sehemu kumi na nane zilizotangulia ni mchezo wa watoto ukilinganisha na wale wawili wenyewe kwa wenyewe. Mwangwi anakwepa mkuki huku anabadilisha sauti: mara mzee, mara mtoto, mara mwalimu tena. Mkuki anasimama, anatupa mkuki chini, anasema, "Sema na mimi kwa sauti yako."

Mama Pacha alipolitamka hilo, Kipipa, nilikosa pa kuweka macho. Nilitazama karatasi yangu ya maneno. Jibu la Mwangwi lilikuwa limeandikwa hapo kwa wino mweusi: "Nilifanya kwa ajili yako."

Unakumbuka maneno hayo nilikuambia lini.

Nikasema. Rudia akasema rudia. Nikasema tena kwa uchungu, akasema nimezidisha. Nikapunguza, akasema hapo nimekuwa kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Mara ya saba akavua miwani. "Dada, huyu kijana nimemsikia kwa sauti za watu wote. Yake mwenyewe iko wapi?" Nikamjibu kwamba sijui. Miezi mitano namsemea, na kila sauti niliyompa ilikuwa ya kubuni.

Kisha fundi mitambo akaingilia kati na tatizo lake la kifundi. Katika kazi hii mdomo wangu lazima ufuate mdomo wa kwenye picha: ukifunguka nifungue, ukifungwa nifunge. Akarudisha picha polepole, akahesabu. Mwangwi anafungua mdomo mara tano tu, basi, anafumba. "Maneno yako ni marefu mno," akasema. "Tafuta kitu kifupi, la sivyo kijana atakuwa anaongea mdomo ukiwa umefungwa." Rudia akauliza nani ana neno. Mimi nikasikia nimeshalisema: "Niliogopa." Taa nyekundu ilikuwa inawaka, kwa hiyo likarekodiwa. Sikuwa nimempa Mwangwi sauti yoyote. Ilikuwa yangu hii hii ninayoagizia mkate dukani.

Rudia hakusema rudia. Mama Pacha alinishika bega, akaniuliza kama nataka maji.

Kwa hiyo nakuandikia neno hilo, kwa sababu ndilo nililopaswa kukuambia tangu mwanzo. Niliogopa. Bibi alipopata kiharusi mwezi wa tisa na sauti ikakatika, Jumamosi ilifika na simu yako ikalia saa kumi kamili jioni, kama kawaida yako. Nilikuwa nimeshika simu yake. Nilitaka kukuambia amelala. Ukasema, "Shikamoo Bibi," kwa furaha ile yako, na mimi nikaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," kwa sauti yake. Haikunichukua hata sekunde mbili. Tangu utotoni mnaniita Kasuku na mnacheka nikimwiga Bibi akigombana na muuza mkaa. Sikujua siku moja nitalitumia hilo kwa ubaya.

Nilijidai nakulinda wewe, usiache mafunzo ukapanda ndege ya kwanza. Hilo lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba niliogopa kukisema kile kitu kwa mdomo wangu, maana nikikisema kitakuwa kimetokea. Ulipokuwa unaongea naye kwenye simu, kwa dakika ishirini Bibi alikuwa mzima. Hata mimi nilikuwa namsikia.

Ningeishia hapo labda ungenielewa. Lakini Jumamosi ya pili ulimweleza Bibi kwamba mikono inakutetemeka ukiteremka kwenye shimo la lifti, kwamba umefikiria kuacha kazi urudi nyumbani. Ukasema, "Kasuku asijue, atanicheka." Hapo ndipo nilipopaswa kukata simu. Badala yake nikakushauri. Nikakuambia, kwa sauti ya mtu unayemwamini kuliko wote duniani, "Kaa huko, utazoea." Ukakaa. Uamuzi wa maisha yako ulipewa na mtu ambaye hukumwuliza. Mjomba alipokupigia baada ya Jumamosi ya nne, akakupa pole kwa Bibi kukosa kauli, ndipo ulipojua, ukanipigia, nami nikakujibu kwamba nilifanya kwa ajili yako. Nimelifikiria sana jibu lile, na ninaona aibu.

Na kama ungeniambia mimi mwenyewe kwamba mikono inakutetemeka, nisingekucheka. Hili nataka ulijue hata kama hutaamini lingine.

Habari za Bibi sasa. Upande wa kulia bado mzito, lakini anatembea mpaka dirishani na kurudi. Kila Jumanne anakuja mtaalamu wa mazoezi ya kusema, na siku nyingine namfanyisha mimi: tunapuliza karatasi mezani, tunatetemesha midomo kama farasi, mazoezi yaleyale ninayofanya kabla ya kurekodi. Mara nyingine tunaishia kucheka mpaka fundi saa anagonga dari yake kwa fimbo. Niliyemnyang'anya sauti ndiye ninayemsaidia kuirudisha. Sijui kama hilo ni adhabu au ni neema, lakini akikubali kufanya, silikosi hata siku moja.

Neno la kwanza zima alilolitoa lilikuwa "ondoka", na aliniambia mimi, nilipomletea uji baridi. La pili lilikuwa jina lako. Watu hawajui jinsi jina lako lilivyo gumu. Herufi ya P inataka midomo miwili ikutane, na wa kwake mmoja haukuwa unakuja. Wiki sita alilifanyia kazi neno Kipipa. Alikuwa analisema akiwa anaoga, akidhani sisikii.

Ndipo mwezi wa tano akakupigia mwenyewe. Simu ya picha hataki, anasema mpaka mdomo unyooke, mjukuu wake asimwone hivyo. Nilikuwa mlangoni. Alisema, "Ki... pi... pa." Nawe ukasema, "Kasuku, mwache bibi yangu," ukakata.

Sikulaumu hata chembe. Ungewezaje kujua? Lakini nataka ujue kilichofuata. Bibi hakulia. Aliitazama simu, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Halafu akaiweka chini ya mto, akageukia ukutani. Mazoezi aliyaacha wiki tatu. Mjomba alikupigia kukueleza, ukamjibu kwamba katika nyumba ile hujui tena nani ni nani, na wewe ulikuwa na haki.

Nilidhani ile sehemu ya kumi na tisa itaisha kwa wale vijana kukumbatiana. Haikuisha hivyo. Mkuki anasikia "niliogopa", anaokota mkuki wake, anashuka ngazi. Ila mlango wa paa, ambao siku zote huufunga kwa kishindo, anauacha wazi. Basi, picha inakatika. Nilikasirika, nikamwambia Mama Pacha waandishi wamechoka. Mama Pacha akasema yeye angeufunga. Tangu siku hiyo nimeacha kuwalaumu waandishi.

Bibi amerudi kwenye mazoezi tangu Jumatatu. Sikumwomba. Aliitoa simu chini ya mto, akaniambia kwa taabu, "Jumamosi." Nikamwuliza itakuwaje akikata tena. Akapandisha bega moja, lile linalopanda.

Mjomba anakusalimu, na anasema lile koti uliloliacha ameanza kulivaa, kwa hiyo usilidai. Fundi saa anakusalimu. Saa yako bado iko kwake na anadai inakwenda vizuri kuliko ulipoinunua. Mama Pacha, ambaye hamjuani, naye anakusalimu kwa sauti zake zote mbili. Mungu akushike mkono kila unaposhuka kwenye mashimo hayo, na akupandishe salama.

Sasa lile la Jumamosi. Simu italia saa kumi jioni, saa yenu. Bibi atakuwa kwenye kiti cha dirishani, simu mezani kwenye spika, kwa kuwa mkono wa kulia hauna nguvu ya kuishika. Atasema taratibu na ataruka maneno. Usimmalizie, anachukia.

Mimi nitakuwa jikoni, mlango wazi, naosha masufuria na kukariri hesabu ya kuzidisha kwa saba kwa sauti kubwa, kama ile miaka tuliyokuwa tunakaririshwa mezani pale na wewe unanizomea kila nikikosea. Bibi akianza kusema, sitanyamaza. Utatusikia wote wawili kwa pamoja, yeye karibu, mimi mbali. Mdomo mmoja hauwezi kusema mambo mawili kwa wakati mmoja, Kipipa. Hata wangu.

Na ukishuku kwamba nimeweka mashine jikoni, uliza kwa nguvu saba mara nane ni ngapi. Nitakujibu kwa sauti yangu, na nitakosea.

Dada yako anayekupenda na aliyekukosea,
Kasuku.