Eva Hasilibi A Zote

Mama,

Ukirudi kutoka kisimani angalia maharage, nimeyaacha motoni. Ndama mweupe bado hajanyonya.

Eva nimempeleka kwenye mtihani mwenyewe, na penseli zake mbili. Asubuhi nilikuwa nyuma ya zizi, nikakusikia: "Siliba A zote kwenye karatasi ya majibu mpaka mwisho, mwanangu, ufeli. Kaka yako anaondoka, ng'ombe watabaki na nani?" Mama! Maneno yale yale ya baba, mwaka wangu wa darasa la saba. Nikasiliba A zote, nikafeli, nikapewa fimbo ya kuchungia. Wewe ulilia, ukaniapia Eva hatafanyiwa hivyo. Na mimi mjinga nikaamini.

Njiani kaniuliza, "Kaka, nikifaulu mama atanichapa?"

~~Jumatatu naenda kambini kama tulivyopanga.~~ Hapana. Nimempigia Raymond wa kambini, ile kazi ya kubeba mizigo ya watalii ampe mwingine. Ng'ombe nachunga mimi. Sasa tafuta sababu nyingine.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya mtihani. Usimwamshe Eva, nitamwamsha mwenyewe.

Kaka yake Eva