Mipira Saba ya Mzee Kazumba

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Hapa Milanzi tu wazima. Mguu wa babu yako unapata nafuu na ulezi tumeshavuna. Unasema umechoka kurudia zoezi lilelile la snuka kila siku, unauliza kama linasaidia.

Nikiwa msichana nilikuwa nafagia ukumbi wenye meza ya snuka. Mlinzi wake, Mzee Kazumba, alinifundisha kupanga mipira saba kwenye mstari na kuitumbukiza shimoni kwa fimbo, mmoja mmoja. Ukikosa, unaanza upya. Kila mara nilikosa wa saba.

Wiki moja baada ya kumzika Mzee Kazumba, niliingia ukumbini peke yangu asubuhi, ukungu umeziba madirisha. Nikafunga komeo kwa sababu ya baridi. Niliingiza sita, wa saba nikakosa. Nikausukumia shimoni kwa mkono, nikajiambia nimemaliza, nikageuka kurudisha fimbo ukutani.

Nilipotazama tena meza, mipira yote saba ilikuwa kwenye mstari. Komeo lilikuwa limefungwa vilevile.

"Shikamoo, mzee," nikasema.



Niliogopa kumpa mgongo, basi nikacheza. Safari hii sikuwaza kumaliza. Kila mpira niliutazama kana kwamba ndio pekee uliopo, na yote saba ikaingia.

Nikasubiri muda mrefu, macho mezani. Hakuna mpira uliorudi. Nikajua ameondoka, na hapo ndipo nilipomlilia, maana siku ya mazishi sikuweza.

Akupendaye,
Bibi yako